Sikio la Mtoto wa Waziri

Kitu cha kwanza alichokiona Siwema, siku alipokabidhiwa Tunu, mtoto wa Waziri, ni nyayo zake. Mtoto alikuwa na miaka saba, na nyayo zake zilikuwa laini kama unga wa maandazi ulioumuka. Hazikuwa na ufa, wala kovu la mwiba, wala vumbi katikati ya vidole. Siwema, ambaye nyayo zake mwenyewe zingeweza kukwangulia sufuria, alizishika moja baada ya nyingine, akidhani labda amepewa mtoto mgonjwa.

"Unatafuta nini huko chini?" Mama Tunu akamuuliza.

"Hakuna, mama."

"Huko chini huna kazi. Kazi yako ni kubeba."

Hayo yalitokea Ushibeni, nchi ambayo huwezi kuiona kwenye ramani, kwa sababu ramani yake ilitumika kufungia vitumbua. Ushibeni hapakuwa na njaa. Njaa ilifutwa kwa tangazo asubuhi moja kabla ya chai, na aliyeendelea kusikia njaa mpaka mchana alihesabiwa kuwa hakusikiliza redio. Ushahidi wa kufutwa kwake ulikuwa watoto wa viongozi. Walinenepeshwa kwa mujibu wa kanuni, na mashavu yao yalikuwa mali ya umma. Na kwa kuwa mtu anayetembea ni mtu anayetafuta kitu, watoto hao hawakutembea. Mtoto wa kiongozi atafute nini? Walibebwa. Mpaka miaka mitano kwa mbeleko ya kitenge, na kuanzia hapo kwa mbeleko ya Serikali, iliyoshonwa kwa turubai la lori na mikanda miwili.

Redio ilitangaza kwamba anatafutwa msichana mwenye mgongo mpana na mdomo mdogo. Siwema alikuwa navyo vyote viwili. Shule aliiacha darasa la nne, mwaka ambao chumba cha darasa la tano kiligeuzwa ghala la biskuti za msaada. Alikuwa na haya kiasi kwamba kijijini kwao mbuzi wake waliitwa na jirani.

Palikuwa na jambo moja tu alilotakiwa kusema kazini. Kiongozi yeyote akimwona mtoto mnene alipaza sauti, "Nchi imeshiba!" na wote waliokuwa karibu wakaitikia, "Na bado!" Siwema alichezesha midomo tu. Kila mara kinywani mwake lilikuja jibu lingine, na kila mara alilimeza.

*

Nyumbani kwa Mheshimiwa Shamte Kilanga, Waziri wa Mashavu na Ustawi wa Watoto, wageni hawakwisha. Desturi ilitaka kila mgeni, kabla ya kukaa, amlishe mtoto wa nyumba tonge moja kwa mkono wake mwenyewe, kisha amfinye shavu. Liliitwa tonge la heshima. Asiyelisha alihesabiwa kuwa mpinzani. Asiyefinya alihesabiwa kuwa mchawi.

Basi walikuja. Walikuja wakurugenzi, makandarasi, wenyeviti na wake za wenyeviti, wakapanga foleni mbele ya mgongo wa Siwema, kila mmoja na kidole chake. Palikuwa na kidole kilichotoka kuchokonoa jino. Palikuwa na kidole chenye pete, na chini ya pete punje za pilau la juzi zimeganda. Palikuwa na kidole ambacho mwenyewe alikilamba kwanza, ili kisimchafue mtoto. Chipsi zilizama kwenye mayonezi, soseji ikachovywa kwenye soda, keki ikashindiliwa juu ya maini.

"Fungua mdomo, mama! Aaa! Mwone huyo!"

"Hebu tazameni shavu hilo! Barabara hatuna, lakini shavu tunalo!"

Wote walicheka, na aliyecheka zaidi ni yule aliyeila hiyo barabara. Alicheka huku akijifuta mkono kwenye nywele za mtoto, kwa mapenzi.

Wageni wakishaondoka Siwema alichukua kitambaa na maji ya moto. Mafuta ya mbuzi yalitoka kwanza, kisha rangi ya midomo ya wake za wenyeviti, kisha kitu cha kijani ambacho hakukijua na hakutaka kukijua. Tunu alikaa, shavu moja limevimba kuliko jingine.

"Dada," aliita bila kufungua midomo.

Siwema alinyoosha kiganja. Tunu akatema. Ndivyo walivyokubaliana bila kukubaliana. Tonge lilikuwa la moto, limelainika, na siku hiyo ndani yake kulikuwa na kijiti cha kuchokolea meno, kimetafunwa upande mmoja. Siwema alikitazama kwa muda mrefu. Kisha alifunga kiganja, akaenda kutupa nje, maana chakula cha wageni kutupwa ndani ya nyumba lilikuwa kosa la uhaini.

*

Nyuma ya nyumba, karibu na kamba za kuanikia nguo, palikuwa na tangi la maji na kipande cha ardhi ambacho fundi alisahau kukitia saruji. Siku moja, Siwema akifua huku mtoto yuko mgongoni, Tunu alimwinamia sikioni.

"Dada, chini kukoje?"

"Kupo tu."

"Kuna moto?"

"Hapana."

"Kunauma?"

Siwema alifikiri. "Kunauma kidogo. Kuna mawe."

"Nishushe."

Saa hizo Mama Tunu alikuwa amelala, na akilala alilala kweli. Siwema alifungua mikanda. Miguu ya Tunu iligusa udongo, magoti yakacheza, akakaa chini kwa kishindo. Hakulia. Alitazama vidole vyake vya miguu kana kwamba ni wageni ambao hawajatambulishwa kwake. Sisimizi alipita juu ya unyayo wake, naye akacheka mpaka kwikwi zikamshika.

Tangu hapo kila mchana walikwenda nyuma ya tangi. Siwema hakuwa na utaalamu wowote. Alimfundisha alivyofundishwa yeye, yaani hakumfundisha; alimwacha. Tunu alishika tangi akasimama. Akaliachia, akaanguka. Akajifunza kuanguka kwa makalio badala ya uso, na hilo likawa somo la kwanza. Siwema alipokuwa akichambua maharage, Tunu alijaribu kuokota punje zilizodondoka. Vidole vyake vilifumba mapema, au vilichelewa, au vilikutana mahali ambapo harage halipo. Alikuwa hajui vidole hukutana vipi. Vya watu wengine ndivyo vilivyomfanyia kila kitu. Siku aliyoliokota harage moja alikataa kulitoa mkononi mpaka usiku. Siku aliyofunga kifungo cha gauni lake alikitazama kana kwamba ameota jicho jipya kifuani.

Ng'ambo ya ukuta watoto wa mtaani walicheza rede barabarani, katikati ya magari. Uwanja wao wa michezo ulikuwa umechukuliwa na Wizara ya Watoto kwa maegesho. Tunu aliweka sikio ukutani, akasikiliza.

"Wanakimbia," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nitakimbia lini?"

Siwema alikuwa ameona namna mtoto alivyohema baada ya kuzunguka tangi mara moja tu. Alikuwa amemsikia akilala mchana, pumzi inakatika, kimya, kimya tena, kisha inarudi kwa kishindo kama mtu aliyekumbuka kitu. Aliposikia kimya hicho, Siwema naye aliacha kuhema mpaka irudi.

*

Mwaka huo alikuja mgeni kutoka shirika moja la nje kuwapima watoto. Aliwaambia watoto wa viongozi wasimame kwa mguu mmoja. Wakauliza mguu wa nani. Akamrushia mmoja wao mpira. Mtoto akaungoja aletewe. Mgeni aliandika taarifa ndefu. Akalishwa tonge la heshima, akapandishwa ndege.

Serikali haikupuuza. Iliunda Tume ya Mikono na Miguu chini ya Profesa Tindwa, mtu mwenye shahada nyingi na kitambi kimoja. Tume ilikaa hotelini msimu mzima wa mvua, ikala, ikatafakari, ikala, kisha Profesa akasoma matokeo sebuleni kwa Waziri, akiwa na paja la kuku katika mkono wa pili.

"Mheshimiwa, tumechunguza kwa kina. Watoto wetu hawana tatizo lolote. Tatizo ni kwamba ardhi iko mbali nao. Vilevile, mpira una haraka isiyo na sababu. Tunapendekeza utengenezwe kwa saruji, ili utulie mtoto apate kuufikiria. Na vifungo vya mashati vipigwe marufuku, kwani vimekuwa vikiwadhalilisha watoto hadharani."

"Safi sana," alisema Waziri. "Na sikio?"

Profesa aliacha kutafuna.

Sikio ndilo lililowakwamisha. Ushibeni, tangu enzi za mababu, mtoto haandikishwi darasa la kwanza mpaka mkono wake wa kulia upite juu ya utosi na kushika sikio la kushoto, kichwa kikiwa wima. Mtoto aliyefikia umri hufika; mdogo hafiki. Vyeti vya kuzaliwa vilinunuliwa, tarehe zilibadilishwa, lakini sikio lilikuwa sikio. Wakubwa wote walikuwa wamelishika la kwao utotoni, wakati bado wana mikono mirefu na mbavu za kuhesabika, nao walijivunia jambo hilo kuliko nishani. Sasa mikono ya watoto wao ilikuwa imejaa, mabega yamepanda, na vidole viliishia utosini. Shule ya Mfano ilikuwa imejengwa kwa marumaru, ina walimu, ina kengele ya shaba, haina mwanafunzi.

"Baba wa Shibe ataifungua mwenyewe Siku ya Mashavu," Waziri alisema. Baba wa Shibe ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi. "Anataka mwanafunzi wa kwanza awe Tunu. Akishaandikishwa anatangazwa Mtoto wa Mfano, na kesho yake anaanza ziara. Wilaya zote. Kila wilaya viongozi wote wamlishe, kuanzia mkuu wa wilaya mpaka mjumbe wa nyumba kumi."

"Wilaya zote!" Mama Tunu alisema, akashika moyo kwa furaha.

Siwema alikuwa amesimama karibu na mlango, Tunu yuko mgongoni. Aliisikia pumzi ya mtoto kwenye shingo yake, nzito, kama mtu anayekunywa uji kwa pupa. Aliwaza vidole vya wilaya zote.

"Kwa hiyo, Profesa, sikio lazima lishikwe."

"Litashikwa, Mheshimiwa. Sheria inasema mkono upite juu ya utosi, ushike sikio. Nimeisoma mara nyingi. Haisemi mkono wa nani."

Wote wakageuka polepole kuutazama mkono wa Siwema.

"Mwembamba mno," alisema Waziri.

"Tutauvalisha sifongo. Mtoto atapakatwa kitini, wote wawili ndani ya joho moja, dada kajificha nyuma. Watu wataona uso wa mtoto na mkono mnono. Hata mimi nitaamini."

"Na huyu akija kusema?"

Mama Tunu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Nani, huyu? Huyu hajawahi kuniambia hata kwamba chumvi imezidi!"

*

Walifanya mazoezi wiki nzima. Sifongo lilitolewa kwenye godoro la zamani na lilinuka mikojo ya marehemu fulani wa ukoo. Siwema aliingiza mkono, wakamfunga kwa uzi, wakampaka poda. Profesa alisimama mbele akipiga makofi. "Juu! Utosini! Shuka! Shika! Tabasamu, mtoto, wewe tabasamu tu!"

Asubuhi ya Siku ya Mashavu, Siwema akimfunga Tunu mikanda ya mbeleko, mtoto aliuliza:

"Dada, nisiposhika nitarudi nyuma ya tangi?"

"Utarudi."

"Nikishika?"

"Utaenda ziara."

"Huko kuna matonge?"

"Mengi."

Walipofika getini Tunu aliuliza tena. "Nikitema, utakuwepo na mkono?"

Siwema alitaka kusema ndiyo. Lakini alijua mkono mmoja hautoshi kwa wilaya zote, na alijua kwamba mtoto akishatoka nyuma ya tangi hilo hatasimama tena.

Uwanja ulijaa. Watoto wa shule za kawaida walikuwa wamepangwa juani tangu alfajiri, wamepewa Juisi ya Maendeleo, ambayo iliacha ulimi na rangi ya bluu na meno na mashimo. Jukwaani palinuka nyama choma na manukato. Wakubwa walikaa mistari miwili, mafuta yakiwatiririka mpaka kwenye viwiko, na nzi, ambao Ushibeni hawakuwa na adabu za itifaki, walitembea kutoka mdomo wa mkurugenzi hadi mdomo wa mwenyekiti.

Baba wa Shibe alihutubia akiwa amekaa.

"Ndugu wananchi! Adui mkubwa wa mtoto ni mwendo! Sisi tulikimbia. Tulikimbia kwenda shule, tulikimbia kuchota maji, tulikimbia mvua. Nani aliyetuthamini? Hakuna! Leo mtoto wa Ushibeni ametulia. Nawaambia majirani zetu wanaojisifu kwa wanariadha: mnakimbia kwenda wapi?"

Makofi. Kisha Profesa Tindwa alisogeza kipaza sauti mbele ya kiti, ili sauti ya mtoto isikike atakaposema ahsante, akatangaza mtihani wa sikio.

Ndani ya joho palikuwa na giza na joto. Siwema alikuwa na Tunu mapajani, uso wake umebanwa kwenye kisogo cha mtoto, na macho yake yaliona nje kupitia tundu la kifungo. Sifongo lilimwasha. Aliinua mkono.

"Dada," Tunu alinong'ona. "Usishike. Nataka mwenyewe."

"Hufiki, mama."

"Najua."

Profesa alikuwa akitabasamu kwa umati huku akizungumza kwa pembe ya mdomo. "Mkono. Wewe dada. Mkono!"

Siwema alirudisha mkono ndani. Alitumia meno kukata uzi. Sifongo lilitoka kwenye upindo wa joho, likadondoka jukwaani, likabiringika taratibu mpaka kwenye kiatu cha Baba wa Shibe. Wote walilitazama. Mkurugenzi mmoja, kwa mazoea, aliinama kuona kama linalika.

Na Tunu akainua mkono wake.

Ulipanda kwa shida, ukitetemeka begani. Ukapita juu ya utosi. Vidole vikashuka upande wa pili, vikapapasa nywele, vikanyooka, vikanyooka zaidi, mpaka ncha ya kidole cha kati ikafika juu ya sikio na kubaki hapo, inaning'inia, pamebaki unene wa harage. Hakuinamisha kichwa. Watoto wa meno mabovu juani walikuwa wote wamenyoosha shingo, na baadhi yao, bila kujua, walikuwa wameinua mikono yao pia.

"Hajafika," alisema mmoja wao kwa huruma.

"Bado kidogo," alisema mwingine.

Tunu alishusha mkono. Kisha alilisukuma joho, akateleza kutoka mapajani, akasimama kwenye mbao za jukwaa kwa nyayo zake mwenyewe. Mama Tunu alipiga kelele kana kwamba mtoto ametumbukia kisimani. Mheshimiwa Kilanga aliinuka, kiti kikainuka naye, kimembana makalio. Walinzi walikuja na mbeleko mbio mbio.

"Msinishike," Tunu alisema.

Akapiga hatua. Akayumba, akajishika hewani, akapiga nyingine. Upande wa ngazi watoto walianza kumwita, si kwa cheo, kwa mkono tu, kama wanavyomwita mtu aliyechelewa kwenye mchezo. Walinzi walisimama njiani. Hawakuwa wamefundishwa namna ya kumkamata mtoto wa Waziri akiwa chini.

Baba wa Shibe aliona umati umeanza kunong'ona, naye hakuwa mtu wa kukosa maneno. Alijifuta mafuta kidevuni, akajaza kifua, akapaza sauti kuliko siku zote:

"Nchi imeshiba!"

Watu walikuwa wakimtazama mtoto akihesabu ngazi kwa unyayo, na hakuna aliyeitikia. Kiongozi akarudia, na safari hii sauti yake ilipasuka:

"Nasema, nchi imeshiba!"

Siwema alikuwa bado amekaa kwenye kiti, joho limemwanguka kiunoni, nyuzi zimening'inia kwenye meno. Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wake. Alimtazama mkuu wa nchi, akatazama mistari miwili ya midomo iliyopakaa mafuta, na lile jibu likapanda tena kooni, bichi, la moto, lina kijiti ndani yake. Alijaribu kulimeza kama kawaida. Halikumezeka.

"Imeshiba," Siwema akasema, na uwanja mzima ukasikia, "nyama ya watoto wake."